Wikendi ndefu ya Januari hapa Minneapolis, msilale ndani jamani

Kila Januari ikifika katikati, kwenye magrupu yetu ya WhatsApp hapa Minnesota maneno ni yale yale. Nani ana shifti ya Jumatatu anataka kuiachia mwenzake, wapi wanalipa mara moja na nusu kwa siku ya holide, na wale ambao hawana kazi siku hiyo wanasema wao watalala tu. Siku tatu hizo. Jumamosi, Jumapili, na Jumatatu ya tatu ya mwezi ambayo ni siku ya Martin Luther King, shule zimefungwa, maofisi yamefungwa, watoto wako nyumbani, na familia nzima imejifungia kwenye apatimenti mapazia yameshushwa heta inanguruma na kila mtu na simu yake. Halafu Jumanne mtu anarudi kazini amechoka kuliko alivyotoka Ijumaa.

Mi naipenda sana hii wikendi na leo nataka niiseme vizuri, maana kila mwaka kuna watu wapya wanafika kutoka Mombasa, Kisii, Nairobi, Dar, Goma, Bujumbura, wanafikia Brooklyn Park, mji wa pembeni ya Minneapolis, kwa shemeji au kwa binamu, na kitu cha kwanza wanachoambiwa ni kwamba hapa Novemba ikiingia hutoki nje mpaka Aprili. Si kweli, na ni maneno yanayoumiza watu. Miezi mitano ndani ya kuta nne bila jua inamtia mtu huzuni ambayo hata yeye mwenyewe haelewi imetoka wapi. Mi kazi yangu ni kutunza wazee, na wale wazee waliozaliwa hapa hapa, wana miaka themanini na kitu, jua likiwaka juu ya theluji wananiomba niwavalishe niwatoe hata dakika kumi. Wao ndo wanaijua hii nchi.

Lakini nguo kwanza, maana hapa hakuna mchezo. Januari mchana wastani ni kama nyuzi 5 chini ya sifuri kwa sentigredi na usiku kama 13 chini ya sifuri, na hiyo ni ya kawaida, kuna siku zinashuka zaidi. Tarehe 30 Januari 2019 asubuhi ilifika nyuzi 33 chini ya sifuri mpaka posta ikasimamisha kupeleka barua. Siku kama hiyo kaa ndani, sikudanganyi. Kabla ya kutoka angalia kwenye simu ile namba ya baridi ikichanganyika na upepo, hiyo ndo namba ya kweli, ikifika 28 chini ya sifuri ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya nusu saa. Siku zingine zote zilizobaki unavaa unatoka. Chini kabisa vaa ile nguo nyembamba ya kubana mwili, usivae ya pamba, pamba ikinyonya jasho inabaki na maji na maji ndo yanakugandisha. Juu yake sweta ya sufi, juu kabisa jaketi la kuzuia upepo. Watoto usiwavalishe glavu za vidole, wanunulie zile za mfuko vidole vikae pamoja vipashane joto. Na usiende kununua vitu vipya dukani kwa bei ya kukuliza, mitumba ipo hapa pia, tena mizuri, ingia kwenye maduka ya nguo zilizotumika utapata jaketi la maana na buti za theluji kwa pesa kidogo, kwa sababu watoto wa huku wanakua kila mwaka na buti zao zinabaki nzima. Mi shingoni najifunga leso yangu ndani ya jaketi, inakaa vizuri kuliko skafu yoyote niliyowahi kununua.

Haya, Jumamosi.

Hii sehemu watu wetu wengi hawaijui na inaniuma. Wikendi hii ya King, kuanzia Jumamosi mpaka Jumatatu, jimbo la Minnesota linaruhusu mkaaji wa hapa mwenye miaka 16 na zaidi avue samaki kwenye barafu bila laiseni, mradi amekuja na mtoto wa miaka 15 kurudi chini. Mtoto mwenyewe hata siku zingine hahitaji laiseni. Maanake baba, mama, mjomba, yeyote mwenye mtoto wa kwenda naye, hizo siku tatu anavua bure. Idadi ya samaki mnaoruhusiwa kuchukua inabaki ile ile ya siku zote, hiyo lazima muifuate, lakini laiseni hamuulizwi.

Nakumbuka mama mkwe alipokuja kututembelea kutoka Kisauni tukamwambia tunaenda kuvua, akauliza chombo kiko wapi. Tukamwambia hakuna chombo Mama, tunatembea juu ya ziwa. Alinyamaza akamwangalia mwanawe, kisha akasema, "Nyinyi mwendeni, mimi nitakaa kwa gari niwaombee." Na kwa mtu aliyezaliwa pwani ni sawa kabisa kuogopa, maji ni maji. Kwa hivyo niseme habari ya barafu polepole.

Watu wa maliasili wa jimbo wanasema barafu mpya, ngumu, inayoonekana ndani kama kioo, ikiwa na unene wa inchi 4 inabeba mtu anayetembea kwa miguu. Gari dogo linataka kama inchi 9 au 10, piki-api inataka 13. Barafu nyeupe ile yenye theluji ndani yake ni dhaifu, ihesabie nusu tu ya nguvu. Na hawa wenyewe wanakwambia hakuna barafu ya kuaminika asilimia mia. Kaa mbali na pale mto unapoingia ziwani, mbali na chini ya madaraja, mbali na pale penye mkondo, kwa sababu maji yanayotembea hayagandi vizuri. Katikati ya Januari kwa mwaka wa kawaida maziwa ya hapa mjini yanakuwa yameshaganda vizuri, lakini miaka ya karibuni baridi haishikiki, mwaka mwingine inachelewa, kwa hivyo usikisie. Ingia duka la chambo lililo karibu na ziwa, waulize leo barafu ina inchi ngapi na upande gani, watakwambia bila kukuficha na wengine watakuchorea ramani kabisa kwenye risiti.

Sisi tunapenda Medicine Lake, kule Plymouth, si mbali na Brooklyn Park. Wikendi hii utakuta kijiji kizima juu ya ziwa, vibanda vya mbao, mahema, magari, watu wanachoma nyama, mbwa wanakimbia, watoto wanaburuzwa kwenye vigari vya theluji. Unatoboa shimo kwa keekee, ni ndefu kama mwiko wa jikoni wa harusi, unazungusha mpaka inazama na maji yanafurika juu, na hapo kila mtoto anapiga kelele. Kisha unachukua upawa wenye matundu unatoa vipande vya barafu vinavyoelea ili mshipi upite. Shimo lenyewe ni dogo, upana wa sahani. Fimbo yake fupi kama mkono wa mtoto, ndoana ndogo, chambo ni vile vibuu vyeupe vinavyouzwa kwa kikopo, unashusha mpaka chini unapandisha kidogo, halafu unatulia. Kila baada ya dakika chache shimo linaanza kufunga ngozi ya barafu na inabidi ulisafishe tena kwa upawa. Hiyo kazi nampa mwanangu mdogo na anaifanya kwa uaminifu kama askari.

Usishtuke barafu ikilia. Inalia kweli, mlio mzito unaotoka mbali unapita chini ya miguu yako unaenda zake, na mara ya kwanza unaweza kukimbia ukaacha hata watoto. Ni barafu inatanuka na kusinyaa jua likiipiga na baridi ikirudi, ndo hali yake. Mzee mmoja Mzungu wa hapo jirani na shimo letu alitueleza kwamba yeye ziwa likinyamaza ndo anakuwa macho zaidi.

Wanaopatikana sana ni wale wadogo bapa wanaitwa sanfishi, na krapi, na ukibahatika wolai ambaye watu wa hapa wanamheshimu kuliko samaki wote. Wale wadogo msiwadharau. Waparue magamba, wakate mistari miwili mitatu kila upande, chumvi, ndimu, kitunguu saumu, pilipili ya unga, waache walale kidogo halafu kaanga mafuta yakiwa moto kweli kweli wakauke. Waleni kwa ugali na kachumbari. Wolai mi nampika wa kupaka, nazi ya kopo nzito na ukwaju, na mama mkwe ambaye hakutaka kushuka garini alimmaliza mpaka kichwa akasema samaki wa maji baridi nyama yake tamu.

Kama huna vifaa usinunue vyote mara moja. Ndoo ya kukalia unayo nyumbani, fimbo ya watoto bei rahisi, keekee muombe jirani wa shimo la pembeni. Nasema kweli, watu wa Minnesota wana aibu, hawakusogelei, lakini ukiwa ziwani na mtoto ukawauliza wanakuja na keekee ya mashine wanakutobolea mashimo manne na wanataka wakuonyeshe na jinsi ya kufunga ndoana.

Jumamosi jioni mmeshapoa, miguu imekufa ganzi, nendeni Lake Street. Kwenye mol ya Wasomali, Karmel, mnaingia kutoka barabarani mnakutana na harufu ya iliki na mdalasini hapo hapo mlangoni. Chai ya maziwa, sambusa za nyama za moto, wali na mbuzi kama mna njaa, na ndizi mbivu pembeni ya wali kama wanavyokula wao. Wengi wa hao ndugu zetu walipitia Kenya kabla ya kufika hapa, Eastleigh, Mombasa, Dadaab, Kakuma, kwa hivyo ukiagiza kwa Kiswahili usishangae ukajibiwa kwa Kiswahili cha Nairobi tena chenye kasi. Maduka ya juu yamejaa mabuibui, mazulia, udi, dhahabu, na sauti za watu wanaopatana bei. Sijui sehemu nyingine mji huu ambapo napumua kama niko sokoni Marikiti. Mbele kidogo kuna Midtown Global Market, ndani ya lile jengo kubwa la Sears la mwaka 1928, hapo vyakula vya kila nchi, na ndani kuna joto na nafasi ya watoto kukimbia.

Jumapili baada ya ibada, Como.

Kama ungenilazimisha nichague sehemu moja tu kwa hii wikendi nzima ningechagua ile nyumba ya vioo ya Como Park kule St. Paul. Ilifunguliwa mwaka 1915, imejengwa kwa vyuma na vioo juu mpaka kwenye kuba, inafunguliwa kila siku ya mwaka, na kipindi hiki ni saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni. Kiingilio hakuna. Kuna sanduku la mchango wa hiari, na mi nawaomba wekeni chochote mlicho nacho kwa sababu kupasha joto vile vioo vyote Januari si pesa ndogo na wangeweza kabisa kututoza.

Unafungua mlango wa kwanza, unafungua wa pili, na miwani inaziba ukungu papo hapo huoni kitu. Unasimama. Kabla ya macho, pua ndo inakwambia uko wapi, maana inakuja ile harufu ya udongo uliolowa, majani yanayooza kidogo, hewa nzito yenye maji, hewa ya shamba baada ya mvua ya masika. Halafu miwani inasafika na juu yako kuna minazi na mitende inagusa kioo, na nje ya hicho kioo theluji inaanguka. Chumba cha upande wa kaskazini wamepanda mimea ya chakula na biashara, migomba, mibuni, mikakao, vanila, mitini. Mama mkwe alienda moja kwa moja kwenye mgomba akaushika shina kwa kiganja, akauzunguka, akainama kuangalia chini. Akaniambia, "Machipukizi mengi mno haya. Waambie waache mawili tu, hautazaa huu." Kulikuwa na kijana wa kujitolea amevaa beji amesimama karibu akauliza mama anasema nini, nikamtafsiria, na yule kijana akatoa simu yake akaandika. Wakakaa hapo wanaongea habari ya migomba mi nikiwa katikati natafsiri, mpaka watoto wakaniacha wakaenda kwa masokwe.

Ndiyo, pembeni hapo hapo kuna bustani ya wanyama, nayo haina kiingilio. Januari ndo wakati wa kuwaona dubu weupe wa Aktiki wakiwa na raha zao, majira ya joto wanalala tu. Bustani ya chini ndani ya nyumba ya vioo wanapanga maua ya msimu wa baridi kuzunguka dimbwi refu, kuna mabenchi, na utakuta watu wazima wamekaa na kitabu tangu asubuhi jaketi wamelikalia. Nendeni mapema, wikendi hii paking inajaa kabla ya mchana.

Kuna vitu vingine vya Jumapili nitavitaja haraka haraka. Jumba la sanaa la Mia, kusini ya dauntauni, ni bure na lina vyumba vya sanaa ya Afrika ambavyo watoto wetu wanapaswa kuviona, ila Jumatatu linafungwa kwa hivyo msijipange vibaya. Viwanja vya kuteleza kwenye barafu viko kwenye bustani nyingi za mtaani, hulipi, na baadhi wana chumba cha kujipasha joto na viatu vya kuteleza vya kuazima. Mtoto akianguka haumii sana akiwa amevaa minguo mingi. Maporomoko ya Minnehaha, kimo kama mita 16, yanaganda yote yanakuwa pazia la barafu la rangi ya bluu, na treni ya Blue Line inawashusha karibu kabisa kwa kutembea. Yaangalieni kutoka juu tu. Ngazi za kushuka zinafungwa kwa sababu zinateleza, na wale vijana mtakaowaona wameruka uzio wameingia nyuma ya barafu msiwafuate, barafu ile inakatika mapande mazito bila kumwambia mtu.

Mall of America najua mtaenda hata nikikataza. Blue Line inaishia pale, paking ni bure, na nguo Minnesota hazina kodi ya mauzo, sawa. Lakini kumpa mol siku nzima katika siku tatu za mapumziko, kuzunguka na mifuko na watoto wanaolilia kila kitu, halafu mnatoka mfuko wa pesa mtupu, mi naona ni kuwanyima watoto wikendi yao. Iwekeni akiba ya ile siku ya nyuzi 30 chini ya sifuri.

Kama mna gari zuri na tairi zake bado zina meno, kuna safari moja ya siku nzima naipendekeza kuliko kwenda Duluth. Duluth ni nzuri sana, ile Lake Superior ukiifikia unahisi umefika baharini, lakini ni zaidi ya saa mbili kwenda na zaidi ya saa mbili kurudi, na Januari jua linatua saa kumi na moja jioni, utaendesha gizani kwenye upepo na watoto wamelala nyuma. Duluth wekeni ya majira ya joto. Januari shukeni kusini mkifuata Highway 61 kando ya Mississippi mpaka Wabasha, kama saa moja na nusu. Njiani mnapita Red Wing, mji wa viatu, wana buti moja la kuonyesha namba 638 na nusu, watoto lazima wapigwe picha hapo. Halafu mnaliona Lake Pepin limeganda lote jeupe, na mkifika Wabasha maji yako wazi. Hayagandi pale kwa sababu mto Chippewa unaingia kutoka upande wa Wisconsin na mkondo unakuwa na nguvu, na maziwa yote ya kaskazini yakishafungwa na barafu, tai wenye vichwa vyeupe wanakuja hapo kuvua. Wanakaa juu ya miti isiyo na majani, siku nyingine mti mmoja una tai kadhaa, wanashuka wananyakua samaki wanarudi juu. Aliyewahi kumwona furukombe wa Naivasha ataona ni ukoo mmoja, kichwa kile, sauti ile ile kidogo. Kuna kituo kinaitwa National Eagle Center mtoni hapo hapo, kiingilio mnalipa, na ndani wana tai waliowahi kuumia ambao hawawezi tena kuishi porini, mnasimama nao karibu kiasi cha kuona kucha. Kwenye gari wekeni mablanketi, maji, tochi, waya za kushtulia betri, na tangi lisishuke chini ya nusu.

Sasa Jumatatu yenyewe.

Jumatatu mi sipendi ipite kama siku ya kufua nguo tu. Sheria ya hii holide ilitiwa saini na Rais Reagan mwaka 1983 na ikasherehekewa kitaifa mara ya kwanza mwaka 1986, na watu walipigania miaka mingi mpaka ikapatikana, King ameuawa tangu 1968. Na sisi watu wa Kenya tuna sehemu yetu kwenye hii hadithi, wengi hatufundishwi. Mwaka 1959 mwanasiasa wetu Tom Mboya alikuwa anahangaika kutafuta pesa na nafasi za vyuo vya Marekani kwa vijana wetu, akaandikiana barua na Martin Luther King, na King akakubali kusaidia kumlipia mwanafunzi Mkenya aliyekuwa anasoma chuo cha Tuskegee kule Alabama. Septemba mwaka huo huo ndege ya kwanza ikaondoka na wanafunzi 81. Kenya ilikuwa bado koloni. King mwenyewe alikuwa na miaka thelathini na vitisho juu ya maisha yake kila siku, na bado alipata nafasi ya kumfikiria mtoto wa mtu asiyemjua, wa nchi ambayo hajafika. Hii wanangu nimewaambia mpaka wameishika kwa moyo.

Kwa hivyo asubuhi, chai na mahamri na mbaazi nilizoloweka usiku, halafu tunaenda Fort Snelling State Park, chini ya uwanja wa ndege, pale mto Minnesota unapokutana na Mississippi. Gari linalipiwa kibali cha siku. Wadakota, wenyeji wa asili wa hapa, wanapaita mahali hapo Bdote na ni patakatifu kwao, na juu ya kilima ndo iko ngome ya zamani ya jeshi. Kwenye hiyo ngome, mwaka 1836, daktari wa jeshi alimleta mtumwa wake, jina lake Dred Scott. Utumwa ulikuwa umeshapigwa marufuku kwenye eneo hilo lakini maofisa waliendelea kuwa na watumwa kama kawaida. Hapo Dred Scott akakutana na Harriet Robinson wakaoana. Baadaye waliporudishwa Missouri wakaenda mahakamani wakasema sisi tumeishi kwenye ardhi isiyo na utumwa, sisi ni watu huru. Kesi ilianza 1846 ikafika mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, na tarehe 6 Machi 1857 mahakama ikasema mtu mweusi hawezi kuwa raia wa nchi hii hivyo hana hata haki ya kushtaki. Hukumu hiyo ilikuwa moja ya moto uliowasha vita vya wenyewe kwa wenyewe. Na ilianzia hapa, dakika ishirini na tano kutoka nyumbani kwetu, kwa mume na mke waliokaa kwenye baridi hii hii.

Chini ya ngome, kwenye bonde la mto, kuna ukumbusho wa Wadakota. Majira ya baridi ya 1862 kuingia 1863, baada ya vita kati ya Wadakota na Marekani, karibu watu 1,600, wengi wao wanawake, watoto na wazee, walifungiwa hapo kambini na zaidi ya mia moja hawakutoka. Tunasimama hapo kwanza kabla ya kutembea. Watoto wadogo hawaelewi yote na siwalazimishi, wale wakubwa wanauliza maswali na tunajibu tukitembea, njia inazunguka kisiwa cha Pike mpaka ncha ambapo mito miwili inakutana, tambarare, inatembeka hata na buti nzito. Utaona nyayo za paa, sungura, mara nyingine bata mzinga wa porini wanavuka mstari mmoja. Ndege zinapita juu ya vichwa zikishuka uwanjani.

Mwenye shifti Jumatatu asikate tamaa, fanyeni Fort Snelling Jumamosi asubuhi na uvuvi Jumapili, ile ruhusa ya kuvua bila laiseni inafanya kazi siku zote tatu, na Como ipo hata katikati ya wiki. Na wewe uliyefika mwaka huu huna gari, Blue Line na Green Line na basi zinakufikisha karibu na kila nilichotaja hapa mjini isipokuwa Medicine Lake na kule Wabasha, hizo uliza kanisani au msikitini kwako nani anaenda, kuna siti tupu kwenye magari mengi tu na watu hawajui kama unataka kwenda. Sema mapema wiki hii, Alhamisi au Ijumaa, watu wakishapanga shifti zao, na ukiambiwa saa tatu asubuhi uwe umeshavaa uko mlangoni, maana mchana wa Januari ni mfupi.